Usonji Owino: Nafuu Isiyongoja Cheti

Katika Soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo Kampala yote inaliita Owino, mtu anayeumizwa na kelele hana meneja wa kumwendea. Soko hilo lililoanzishwa mwaka 1971, jirani na uwanja wa Nakivubo, linakadiriwa kuwa na wauzaji wapatao 50,000, na karibu kila mmoja wao ni bosi wa meza yake: ananunua robota la nguo za mitumba, analifungua, anachambua, ananadi, analipa ada, anarudi nyumbani. Naanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu karibu kila ushauri ulioandikwa kuhusu watu wazima wenye usonji kazini unaanzia mahali pengine kabisa. Unaanzia ofisini. Unamwambia mtu apate cheti cha daktari, amwandikie mwajiri, aombe kiti kilicho mbali na mlango, taa isiyopepesa na ruhusa ya kuvaa vizibo vya masikio. Ni ushauri mzuri kwa mwenye daktari na mwajiri. Lakini walio wengi Afrika Mashariki hawana hata mmoja kati ya hao wawili. Hoja yangu ni kwamba kwa watu hao nafuu ya hisi lazima iwe sehemu ya mpangilio wa mahali na desturi ya kazi, ipatikane kwa kila anayeihitaji bila kwanza kuulizwa ana nini.

Usonji hauambukizi, wala hautokani na malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, na mtu huzeeka nao. Wengi wanaujua kwa upande wa mazungumzo: mtu asiyetazama wenzake usoni, asiyeshika mzaha haraka, anayetaka mambo yaende kwa utaratibu uleule kila siku. Upande wa milango ya fahamu umechelewa kupewa uzito. Leo Kanner, daktari aliyeandika Marekani juu ya watoto 11 mwaka 1943, aliona tangu wakati huo kwamba kelele kubwa na vitu vinavyotembea viliwatia watoto hao hofu kuu. Hata hivyo ilipita miaka 70. Ni mwaka 2013, toleo la tano la mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani lilipotoka, ndipo wepesi na uzito wa kupokea hisi ulipoingizwa rasmi miongoni mwa dalili za kuutambulia usonji. Kwa muda wote huo aliyeziba masikio alihesabiwa mkaidi, na aliyekataa shati linalomkwaruza alihesabiwa mwenye madeko.

Wepesi na uzito vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Yuleyule anayeruka kwa honi ya bodaboda huenda asihisi kiu mpaka kichwa kimuume, au asitambue kwamba pasi imemgusa mkono mpaka alama ionekane. Na tusidhani kwamba wepesi wa hisi ni upungufu tu. Mwaka 2017 watafiti Anna Remington na Jake Fairnie wa London walichapisha majaribio yaliyowalinganisha watu wazima wenye usonji na wasio nao katika kusikiliza. Wenye usonji walinasa sauti nyingi zaidi kwa wakati mmoja, hata ile iliyopachikwa katikati ya mazungumzo bila wao kuambiwa waitegee. Uwezo wao wa kupokea sauti ulizidi wa kawaida. Ukilielewa hilo unaacha kumwona mtu huyo kama aliyeshindwa na jambo dogo, kwa kuwa anabeba sauti ambazo wewe hujui hata kama zipo.

Sasa tuingie Owino kwa milango hiyo ya fahamu. Juu ni mabati na maturubai, na mvua ya Kampala ikipiga hapo watu hulazimika kupaza sauti hata kwa jirani wa meza. Njia ni nyembamba, watu hupishana kwa mabega, na mchukuzi mwenye robota kichwani hupita akipiga kelele apishwe. Nguo zinaning'inia kila upande, za rangi zote, zikitikisika kila mtu apitapo. Ndani ya vichochoro jua halifiki, kwa hiyo taa huwaka mchana. Robota la mivumba, kama mitumba inavyoitwa huko, likifunguliwa hutoa harufu nzito ya nguo zilizobanwa muda mrefu, ikachanganyika na mkaa wa pasi, mafuta ya kukaangia na mtaro wa Nakivubo. Muuzaji humwita mteja, humshika mkono, humvuta. Na juu ya hayo yote kuna spika ndogo inayorudia bei ileile, kwa sauti ileile iliyorekodiwa, kutwa nzima. Kwa wengi wetu sauti hiyo hupotea masikioni baada ya dakika chache. Kwa baadhi ya watu haipotei, na hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

Pingamizi linalosikika zaidi ni hili: mtu huzoea. Kila anayeanza kazi sokoni huumwa kichwa siku za kwanza, kisha masikio yanakomaa. Ni kweli kwa walio wengi, na ndiyo maana pingamizi hili linastahili jibu lenye ushahidi. Mwaka 2015 Shulamite Green na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya vijana waliopimwa kwa mashine inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, huku wakisikilizishwa kelele na kukwaruzwa ngozi. Kwa vijana wenye usonji waliokuwa na wepesi mkubwa wa hisi, sehemu za ubongo zinazopokea sauti na mguso, pamoja na ile inayotoa ishara ya hatari, hazikupoa kadiri kelele na mkwaruzo vilivyorudiwa. Kwa vijana wasio na usonji zilipoa. Kwa lugha ya sokoni, tangazo la spika linaloanza asubuhi hufika saa tisa alasiri likiwa na makali yaleyale ya mara ya kwanza. Kumwambia mtu wa namna hiyo avumilie mpaka azoee ni kumwomba jambo ambalo ubongo wake haulifanyi.

Wapo wanaovumilia, na kwa macho ya jirani wanaonekana wamezoea. Wanachofanya ni kujificha: kujilazimisha kutabasamu, kujizuia kuziba masikio, kuiga uchangamfu wa wauzaji wengine. Gharama yake hulipwa baadaye. Utafiti ulioongozwa na Dora Raymaker wa Marekani, uliotoka mwaka 2020, ulikusanya maelezo ya watu wazima wenye usonji kuhusu hali ya kuishiwa kabisa: uchovu usiokwisha kwa usingizi wa usiku mmoja, kupoteza stadi ambazo mtu alikuwa nazo, na uwezo wa kustahimili kelele na mwanga kushuka kuliko mwanzo. Zingatia hilo la mwisho. Uvumilivu wa kulazimishwa haumkomazi mtu. Unaweza kumwacha akiwa dhaifu zaidi mbele ya kitu kilekile. Sokoni tukio hili lina sura inayojulikana na kila mtu: muuzaji hodari anatoweka wiki tatu, meza inafunikwa turubai, ndugu wanasema anaumwa bila kusema anaumwa nini, mtaji unaliwa. Si kila anayetoweka hivyo ana usonji. Lakini aliye nao na akatoweka hivyo hana pa kupeleka maelezo yake.

Je, wako wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Ukiweka kiwango hicho juu ya wauzaji 50,000 unapata karibu watu 400. Sitaki mtu aichukue hesabu hii kama sensa. Wasioweza kabisa kulistahimili soko watakuwa wameshaondoka au hawakuingia, na kwa upande mwingine wachukuzi, mafundi cherehani, wapiga pasi na wauza chakula hawamo katika idadi ya wenye meza. Inatosha kuonyesha kwamba tunazungumza juu ya mamia ya watu, ambao karibu wote hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wana usonji. Utafiti wa Uganda wenyewe umetazama zaidi watoto. Kazi mojawapo, iliyoongozwa na Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere na kuchapishwa mwaka 2014, ilirekebisha orodha ya maswali ya kuwachuja watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 9 katika Kampala na Wakiso. Ilikuwa kazi ya maana sana, kwa sababu ilithibitisha kwa takwimu za nyumbani kwamba usonji upo katika mitaa yetu. Aliyekuwa na miaka 8 au 9 wakati kazi hiyo inachapishwa sasa ni mtu mzima anayetafuta riziki. Aliyekuwa na miaka 30 hakuulizwa swali lolote.

Kwa hiyo cheti hakiwezi kuwa mlango. Daktari bingwa wa akili ni adimu, foleni ni ndefu, nauli na siku ya kazi iliyopotea ni hasara, na hata aliyefika hospitali atakuta vipimo vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mtoto. Kisha lipo jambo la heshima. Mtu wa makamo aliyejulikana miaka yote kama mkimya, mkali au mwenye kujitenga, akirudi sokoni na karatasi yenye jina la hali asiyoijua mtu, huenda akapata kejeli badala ya nafuu. Namtetea kila anayetaka kupimwa na kujijua. Kujijua humwondolea mtu lawama alizojibebesha tangu utotoni. Ninachokataa ni kuifanya karatasi hiyo tiketi ya kupata utulivu wa masikio.

Hapa Owino ina faida ambayo ofisi haina. Biashara ya mivumba ni kazi nyingi zilizoshonwa pamoja, na nyingi kati ya hizo hazihitaji kupiga kelele. Kuna kuchambua nguo kwa daraja, kazi inayotaka jicho linaloona mshono uliolegea na vidole vinavyotofautisha pamba halisi na ya kuchanganywa. Kuna kuhesabu na kutunza stoo. Kuna ushonaji, upigaji pasi, ubandikaji wa vifungo na zipu. Kuna saa za alfajiri, marobota yanapofunguliwa kwa wanunuzi wa jumla, kabla umati wa rejareja haujafika. Mtu ambaye mguso wa mteja asiyemjua humchoma anaweza kuwa ndiye mchambuzi bora wa safu nzima, kwa sababu uleule wepesi wa vidole unaomtesa katika msongamano unamfaa mbele ya rundo la nguo. Familia nyingi zimeshagundua jambo hili bila kusoma kitabu: dada ananadi, kaka anachambua nyuma ya pazia, na fedha zinaingia kibindo kimoja. Tatizo ni kwamba mgawanyo huo unategemea bahati ya ukoo. Asiye na dada mwenye sauti hufanya yote mwenyewe, au hafanyi biashara.

Kinachotakiwa ni kuitoa nafuu hiyo katika bahati na kuiweka katika utaratibu. Ningeanza na sauti, kwa kuwa ndiyo inayoumiza wengi na ndiyo rahisi kupunguzwa. Spika zinazorudia tangazo hazimwongezei muuzaji mmoja chochote pindi jirani zake nao wakiwa nazo. Kila mmoja hupandisha kidogo ili amshinde mwenzake, na mwisho wote hulipia betri kwa mauzo yaleyale. Wataalamu wa afya kazini wengi hutumia desibeli 85 kwa saa 8 kama mpaka wa usalama wa masikio, na kila sauti inapopanda desibeli 3 muda huo hupungua nusu: kwenye 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2. Huo ni mpaka wa kuwakinga watu kwa jumla wasipoteze usikivu. Anayeumizwa na sauti huumia chini ya hapo. Uganda ina kanuni za viwango vya kelele tangu mwaka 2003, chini ya sheria ya mazingira, kwa hiyo uongozi wa soko hautungi jambo geni ukisema spika zisizidi kiasi fulani, au zisiwepo kabisa katika baadhi ya safu. Mwenye masikio mepesi atafanya kazi, na mwenye masikio ya kawaida atazeeka akisikia.

Vizibo vya masikio ni msaada wa haraka na bei yake si kubwa, ila vina masharti yake. Akivivaa kutwa nzima, hata nyumbani palipo kimya, mtu anaweza kuyafanya masikio yake yawe mepesi zaidi. Wataalamu wa masikio hushauri vitumike wakati wa kelele na kutolewa kelele ikipungua. Sokoni kuna hatari nyingine: asiyesikia onyo la mchukuzi anaweza kugongwa na robota. Ndiyo maana mahali pa meza pana thamani kuliko kifaa chochote. Meza yenye ukuta mgongoni hupunguza mishtuko, kwa maana hakuna anayekujia kwa nyuma. Meza ya mwisho wa safu, mbali na njia kuu na mbali na vyakula, hupunguza harufu na msukumano. Kofia yenye ukingo husaidia dhidi ya mwanga. Taa za mirija zenye vifaa vya zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50, na baadhi ya watu huumwa na mpepeso huo hata kama hawautambui kwa macho. Balbu nzuri ya LED, isiyopepesa, hutatua jambo hilo. Na bei iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi hupunguza maswali ya kila siku, hivyo humwachia muuzaji nguvu ya kuzungumza na mteja anayenunua kweli.

Najua hapo mtu atasema nimeliua soko. Kupatana bei ndiko kunakoifanya Owino iwe Owino. Kelele ni matangazo, na muuzaji asiyemshika mteja mkono humwona akishikwa na jirani. Pingamizi hili lina uzito kwa sababu linahusu riziki. Jibu langu ni kwamba hakuna anayetakiwa kunyamaza. Safu moja tulivu kati ya safu kumi haiondoi shamrashamra. Inawapa wanunuzi wa aina fulani, wakiwemo wazee, wagonjwa, akina mama wenye watoto wachanga na wageni wanaoogopa kuvutwa, sababu ya kuingia mahali ambapo sasa wanapakwepa. Uingereza duka kubwa la Morrisons lilianzisha saa ya utulivu mwaka 2018, kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi: muziki ulizimwa, taa zilipunguzwa, matangazo yalisimama. Sipendekezi kuinakili. Saa moja humfaa mnunuzi, ambaye huja na kuondoka. Mfanyakazi yuko pale kutwa, kwa hiyo anahitaji eneo tulivu, na eneo hilo liwepo siku zote.

Wengine watauliza gharama. Huduma ya ushauri kwa waajiri nchini Marekani, iitwayo Job Accommodation Network, imekuwa ikiwahoji waajiri kwa miaka mingi, na takriban nusu au zaidi ya marekebisho wanayoyaeleza hayakuwagharimu kitu. Takwimu za ofisi za Marekani hazihamishiki zilivyo hadi Nakivubo, na ninazitaja kwa tahadhari hiyo. Lakini tazama ninayoyapendekeza: kuhamisha meza, kuzima spika, kuandika bei, kupanua njia. La mwisho ndilo lenye gharama halisi, kwa kuwa nafasi sokoni ni pesa. Hata hapo soko lina sababu yake nyingine nzito. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya Owino mwaka 2009 na tena mwaka 2011, na kila baada ya moto wauzaji hukumbushwa kwamba njia zilizozibwa kwa bidhaa huzuia maji na waokoaji. Njia inayompitisha mzimamoto humpitisha pia mtu asiyestahimili kuguswa. Upana ni uleule, na ungepaswa kupimwa mara moja kwa sababu zote mbili.

Upande wa sheria, Uganda haina upungufu wa maneno mema. Katiba ya mwaka 1995 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu katika kifungu cha 21, na kifungu cha 35 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya heshima na utu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 zinakataza ubaguzi kazini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Uganda iliuridhia tarehe 25 Septemba 2008, unasema kumnyima mtu marekebisho yafaayo ni ubaguzi. Ila njia ya sheria kazini hupitia kwa mwajiri, na ndipo mwenye meza anapoachwa nje. Nadhani mlango wake uko mahali pengine katika mkataba huohuo. Mwaka 2014 kamati inayousimamia ilitoa ufafanuzi wake wa pili, ikatenganisha wajibu wa aina mbili. Marekebisho yafaayo humhusu mtu mmoja, na huanza pale anapoyahitaji au kuyaomba. Ufikikaji wa mahali huwahusu watu kama kundi, na hutakiwa uwepo kabla mtu yeyote hajaomba. Njia yenye mteremko hujengwa kabla mwenye kiti cha magurudumu hajafika. Kifungu cha 27 nacho kinazitaka serikali zikuze fursa za kujiajiri, si ajira za mishahara pekee. Ukivisoma viwili hivi pamoja, soko la umma linalosimamiwa na mamlaka ya umma linadaiwa utulivu kama linavyodaiwa mteremko. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, ndiyo yenye deni hilo, pamoja na viongozi wa wauzaji, na Sheria ya Masoko ya mwaka 2023 iliyochukua nafasi ya ile ya enzi ya ukoloni ya mwaka 1942 imewapa nafasi ya kuandika upya taratibu zao.

Pingamizi moja limebaki ambalo naliona gumu kuliko mengine: mahitaji hugongana. Muuzaji asiyeona anategemea sauti ili ajue nani yuko mbele yake na njia iko wapi. Mwingine mwenye usonji, aliye na uzito wa hisi, hutafuta muziki wenye mdundo na mizigo mizito ya kubeba ili mwili wake utulie. Safu tulivu kwake ni adhabu. Hakuna kanuni moja itakayowatosha wote, na yeyote anayeahidi hiyo hajalifikiri jambo. Kinachowezekana ni uchaguzi: kuwepo kwa safu zenye tabia tofauti, na haki ya kubadilishana meza bila kulipishwa upya wala kuhojiwa. Haki hiyo ya kuhama naiweka juu ya mapendekezo yote mengine, kwa sababu humwachia mwenye mwili aamue. Je, wapo watakaoitumia vibaya, wadai masikio mepesi ili wapate kona nzuri? Huenda wapo. Lakini kona tulivu ina wateja wachache wa kupita, na anayeitamani huku akijua hivyo ana uwezekano mkubwa wa kuwa anaihitaji.

Siku ya kazi haianzii mezani wala haiishii hapo. Teksi ya abiria 14 kutoka vituo vilivyo jirani na soko, utingo akiita, redio ikilia, goti la mtu likigusa lako, inaweza kumaliza akiba ya mtu kabla hajafungua turubai. Kiti cha dirishani na safari ya kabla ya jua kuchomoza ni nafuu ambazo abiria mwenzake anaweza kumpa bila kupoteza kitu. Katika kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni), msibani na kanisani, sherehe hupimwa kwa ukubwa wa spika na idadi ya mikono iliyoshikwa. Mtu mzima anayesalimia kwa kuinamisha kichwa badala ya kupeana mkono, au anayekaa nje ya hema karibu na mlango, amekuja. Amewaheshimu wenyeji kwa kadiri mwili wake unavyomruhusu. Mzee wa ukoo akisema neno moja, kwamba huyu aachwe pale alipo, huwa amefanya kazi ambayo hakuna daktari angeweza kuifanya.

Kwa wenyeviti wa safu na idara za Owino ombi langu ni la kikao kimoja. Wekeni ajenda mbili: spika zinazorudia tangazo zizimwe katika safu mtakazozichagua wenyewe, na muuzaji yeyote aruhusiwe kubadilishana meza na mwenzake kwa hiari ya wote wawili, bila ada na bila kutakiwa kueleza sababu. Jaribuni kwa msimu mmoja wa mauzo, kisha waulizeni wauzaji wa safu hizo kama waendelee. Kwa watafiti wa Makerere na wahudumu wa afya ya akili wa hospitali ya Butabika, tayarisheni maswali ya kumtambua mtu mzima, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, na muende nayo sokoni badala ya kungoja soko lije hospitali. Na wewe unayekwenda kununua shati Jumamosi: muuzaji asipokuita, usimpite. Chagua, soma bei, lipa, na usimshike mkono.